Vanishi ya kuzuia moto inayoacha mbao ionekane: inafanyaje kazi, na inadumu kweli?

Mbao_Tupu

Habari za saa hizi wakuu. Nina swali limenikaa kichwani, naomba wenye uelewa wa kemia na wale walioshika brashi wanisaidie. Kuna ukumbi tunauvalisha mbao, dari yote pamoja na ukuta wa kwenye ngazi, sasa mhandisi wa usalama wa moto kapita akasema mbao tupu haitakiwi kwenye njia ya kutokea watu, ama tuitoe ama tuipake kitu cha kuzuia moto. Ile rangi nyeupe naijua, ila ukishaipaka ubao hauuoni tena, na sisi hizi mbao tumezichagua kwa ajili ya mistari yake na rangi yake ya asili. Ndo nikaambiwa zipo za wazi kabisa, ukipaka unaona kila kitu chini yake.

Kinachonisumbua ni hiki. Vanishi ni polima, polima nyingi ni kaboni na hidrojeni, na vitu vya namna hiyo vyenyewe vinawaka tena vinawaka vizuri tu. Inakuwaje filamu isiyofika hata milimita moja izuie ubao usishike moto? Na kama inawezekana kuwa wazi, kwa nini karibu zote tunazoziona ni nyeupe? Inadumu? Naweza kuongeza vanishi yangu ya poliurethani juu ili ing'ae? Alafu kwenye kingo za ngazi kutakuwa na vioo vya plastiki, ile akriliki, navyo vinapakika?

Sitaki kupaka kitu cha kumridhisha mkaguzi tu. Hapo ndipo watu watakapopita siku ya balaa kwahiyo nataka nielewe kabla sijafungua kopo.

---

Mkemia_wa_Polima

Mkuu umeuliza vizuri na wasiwasi wako una msingi. Tuanze na ubao wenyewe maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ulimi wa moto unaouona hautoki kwenye ubao moja kwa moja, unatoka kwenye gesi zinazofukuzwa na joto kutoka ndani ya ubao. Kuanzia kama nyuzi 200 za Selsiasi selulosi (zile nyuzinyuzi zinazoujenga ubao) na wenzake wanaanza kuvunjika taratibu, ukipita 300 wanavunjika kwa kasi, inatoka mivuke na lami nyepesi inayopaa, ikikutana na oksijeni juu ya uso wa ubao inawaka, na moto ule unarudisha joto chini, ubao unatoa gesi zaidi, moto unakua. Ni mzunguko. Kazi yote ya hizi vanishi ni kuukata mzunguko huo sehemu moja au zaidi.

Sasa uko sahihi kwamba polima inaungua, na hii nayo inaungua, ila imetengenezwa iungue kwa mpangilio. Ndani yake lazima kuwe na kazi tatu. Kuna chanzo cha asidi, karibu kila mara ni kitu chenye fosforasi, yaani fosfati. Kuna chanzo cha kaboni, kitu chenye vikundi vingi vya hidroksili, cha kawaida kikiwa pentaerithritoli. Na kuna chanzo cha gesi isiyowaka, mara nyingi melamini ambayo imejaa naitrojeni. Joto likifika, fosfati inaachia asidi ya fosforiki, asidi inanyonya maji kutoka kwenye kile chanzo cha kaboni, kinabaki kitu cheusi kilicholainika na kunata, na wakati huohuo melamini inatoa amonia na gesi nyingine zinazojaza mapovu ndani ya kile kitu cheusi, kinaumuka kama unga uliotiwa hamira, kisha kinakauka kikiwa sponji ya mkaa. Filamu ya robo milimita inaweza kuumuka mpaka sentimita moja au zaidi. Hewa na gesi zilizofungiwa kwenye vitundu vya mkaa zinapitisha joto kwa shida sana, kwahiyo ubao ulio chini unabaki na joto dogo muda mrefu zaidi, na hata gesi kidogo zinazotoka zinapata shida kupenya kuufikia moto.

Sehemu ninayoipenda mimi ni majira yake. Gesi ikitoka mapema, ule ute mweusi bado ni mwembamba na gesi inapenya na kupotea bure. Ikichelewa, ganda limeshakuwa gumu, gesi inalipasua na moto unaingia kwenye ufa. Na asidi lazima iachiwe kabla ubao haujafika kwenye zile nyuzi 300 na kitu, vinginevyo umejenga ngao wakati mwizi ameshaingia ndani. Ndo maana watengenezaji wanahangaika miaka na uwiano wa fosforasi kwa naitrojeni, na ndo maana huwezi kununua kemikali tatu ukazichanganya tu kwenye ndoo ukategemea matokeo yaleyale.

Kuna kazi ya pili ya fosforasi ambayo haisemwi sana. Ile asidi inagusana pia na uso wa ubao. Selulosi ikiungua yenyewe bila msaada inapenda kutoa levoglukosani, ambayo inavunjika zaidi kuwa gesi zinazowaka vizuri. Ukiweka asidi ya fosforiki, selulosi inageuza njia, inatoa maji na kuacha mkaa mwingi zaidi. Kwahiyo ubao wenyewe unalazimishwa kutoa kuni kidogo kwa moto. Na mkaa wa ubao nao ni kinga, wahandisi wa mbao Ulaya wanahesabu kwamba mbao laini inageuka mkaa kwa kasi ya kama milimita 0.65 kwa dakika, haiungui yote kwa mpigo mmoja.

Sasa kwa nini nyingi ni nyeupe. Kwenye zile nyeupe fosfati ni amoniamu polifosfati, unga wenye chembe za mikromita kama 10 mpaka 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), umetawanywa ndani ya resini, ile gundi inayokauka kuwa filamu, pamoja na unga wa melamini na wa pentaerithritoli, juu yake wanaongeza titani dioksidi. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 mpaka 700, na nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita. Chembe ikiwa kubwa kuliko hapo, na inaupinda mwanga tofauti na resini iliyoizunguka, kila mpaka wa chembe unautawanya mwanga huku na huku, jicho linaona weupe. Ili upate uwazi una njia mbili, ama chembe ziwe ndogo sana, chini ya makumi machache ya nanomita, ama kusiwe na chembe kabisa.

Vanishi nyingi za wazi zinachukua hiyo njia ya pili. Asidi ya polifosforiki inachemshwa na pentaerithritoli pamoja na polietilini glikoli zinapatikana esta za fosfati zilizo majimaji na safi. Hizo ndo kopo la kwanza. Kopo la pili ni resini ya melamini. Ukichanganya, ile asidi iliyobaki kwenye esta inakuwa kichocheo cha kugandisha resini, vinaungana kuwa mtandao mmoja. Yaani asidi, kaboni na gesi vyote vitatu viko kwenye molekuli moja iliyoshikana, hakuna chembe, hakuna mpaka wa kutawanya mwanga. Ile glikoli inaingizwa ili filamu isiwe ngumu ya kupasuka maana mtandao wa melamini peke yake ni mkavu mno.

Na hapohapo ndo penye udhaifu wake, ila naona huyo fundi hapo chini anaandika, nimwachie.

---

Fundi_Brashi

Hahaha nilikuwa naandika kweli. Shukrani Mkemia, umeeleza ninachokiona kila siku bila kujua majina yake.

Mbao_Tupu, kitu cha kwanza nakuomba ufanye ni kuchukua kipande cha mbao zilezile, ukigawe nusu, nusu moja upake kwa kipimo sahihi nusu nyingine uiache tupu, ikauke vizuri alafu utoke nayo nje mbali na vitu vya kushika moto, ndoo ya maji pembeni, uisogezee kichomeo cha gesi. Upande mtupu unaanza kuwa kahawia, unafuka moshi, mara unashika na ukiondoa kichomeo unaendelea kuwaka. Upande uliopakwa, angalia kwa makini uso wake: kwanza ung'avu unapotea na filamu inalegea, unaona vilengelenge vidogo vya manjano, vinageuka kahawia, kisha ghafla pale ulimi unapogusa panafura pembeni hadi katikati, kitu cheusi kinapanda, kimekunjamana juu. Ondoa kichomeo, hakiendelei. Ukisubiri ipoe ukakwangua ule mkaa kwa kijiko, unatoka kama masizi mepesi mkononi hauna uzito wowote, na chini yake unakuta ubao umebadilika rangi kidogo tu, mistari bado unaiona. Ukishaona hilo huhitaji tena kubembelezwa usipake nyembamba.

Maana unene ndo kila kitu. Watu wanazipaka hizi kwa mazoea ya vanishi ya kawaida, wanaivuta ienee mpaka mwisho, inapendeza, na kinga haipo. Kwenye kopo imeandikwa gramu ngapi kwa kila mita ya mraba na hizo gramu zimetoka kwenye jaribio, ukipaka nusu yake hujapata nusu ya kinga, unaweza usipate kitu kabisa kwa sababu sponji inakuwa fupi na inatoboka. Piga hesabu ya eneo lote kabla, ujue makopo mangapi lazima yaishe, na kama umemaliza kazi makopo yamebaki basi jua kuna mahali pamekosa. Mimi napima na kile kitana cha kupimia rangi mbichi kila baada ya hatua chache. Makoti mawili matatu, msasa laini katikati, futa vumbi.

Vanishi ya zamani ing'oe yote. Yote. Hii inatakiwa ikae kwenye ubao wenyewe, ukiipaka juu ya vanishi kuukuu, siku ya moto ile ya chini inalainika, sponji inateleza na kudondoka yote, tena kwenye dari ndo mbaya zaidi. Mbao zenye mafuta kama mtiki zifute kwanza na kiyeyushi, zikauke. Na ubao uwe mkavu, ukipaka ubao mbichi unyevu unafungiwa ndani.

Udhaifu alioutaja Mkemia ni maji. Zile esta na asidi iliyobaki zinapenda unyevu mno. Chumba kikiwa na unyevunyevu filamu inanyonya, inaanza kuwa na ukungu mweupe, mara nyingine inanata ukigusa, mara nyingine unaona chumvi imetokea juu. Nimewahi kuitwa kwenye jengo ambalo dari ilikuwa inatoa machozi kabisa, matone yamening'inia, kumbe walipaka siku ya mvua madirisha wazi na hawakuweka koti la juu. Ikishafika hapo sio urembo tu ulioharibika, fosfati imetembea kutoka pale inapotakiwa kuwepo na kinga imepungua.

Kwahiyo koti la juu lazima, na hapa ndo jibu la swali lako la poliurethani: usipake yako. Tumia ile iliyojaribiwa pamoja na vanishi ya chini, ya mtengenezaji huyohuyo au anayoikubali kwa maandishi. Koti la juu linatakiwa liwe jembamba, lizuie maji, lakini siku ya moto likubali kupasuka haraka povu litoke. Ukiweka poliurethani nene umefanya makosa mawili, umeongeza kuni juu ya kinga na umeibana kinga isifure.

Kingine misumari. Vanishi hizi zina asidi, misumari ya chuma cha kawaida inapata kutu na mbao zenye tanini (kemikali ya asili iliyomo kwenye baadhi ya mbao) zinatoa madoa meusi kuizunguka. Tumia isiyoshika kutu.

---

Upepo_Mwanana

Naona mnamzungusha tu huyu ndugu. Boraksi na asidi ya boriki unayeyusha kwenye maji ya moto, unapaka mbao mara kadhaa, ikikauka unapaka vanishi yako uipendayo. Au ile gundi ya sodiamu silikati, iko wazi kama maji na haiwaki kabisa. Vitu vya zamani vinafanya kazi na ni rahisi.

---

Mkemia_wa_Polima

Upepo, nakuheshimu na sikatai kwamba chumvi zinafanya kazi, ni mbinu ya heshima. Mwaka 1821 Gay-Lussac kule Ufaransa alishaonyesha mchanganyiko wa amoniamu fosfati, amoniamu kloraidi na boraksi unavyozuia moto kwenye vitambaa vya kitani na juti, kazi ambayo mfalme aliitaka kwa ajili ya mapazia ya majumba ya michezo. Kanuni ileile ya fosforasi tunayoizungumzia hapa.

Shida ni hizi. Chumvi zinayeyuka kwenye maji, kwahiyo zinaondoka kwa maji pia. Kiwandani wanazisukuma ndani ya ubao kwa presha, wewe ukipaka kwa brashi zinakaa juujuu na zikikauka zinaacha fuwele nyeupe ambazo vanishi haizishiki vizuri. Kisha ukishafunika na vanishi ya kawaida umerudisha kuni juu. Na asidi ya boriki Umoja wa Ulaya uliiingiza mwaka 2010 kwenye orodha ya kemikali za kutiliwa wasiwasi mkubwa kwa sababu ya madhara kwenye uzazi, sio kitu cha kukoroga kwenye ndoo mikono mitupu.

Sodiamu silikati ni kitu kizuri sana mahali pake. Kwenye vioo vya kuzuia moto wanaiweka katikati ya kioo na kioo, iko wazi, joto likifika kama nyuzi 120 maji yaliyofungwa ndani yake yanachemka, inafura, kioo kinageuka cheupe na kuzuia joto. Lakini pale imefungiwa haikutani na hewa. Ukiipaka wazi ukutani inakula kaboni dioksidi ya hewani, inatoa unga mweupe, inapasuka, na ukali wake wa alikali unazitia giza mbao zenye tanini. Kwa ubao unaotaka kuuona miaka mingi sikushauri.

---

Mbao_Tupu

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Fundi, lile la misumari limenigusa maana tulishanunua ya kawaida, tutairudisha.

Nina mawili. Moja, nimeona kwenye kopo moja wameandika kwa herufi kubwa kwamba haina halojeni, hiyo ina maana gani kwangu? Pili bado sijajibiwa ya akriliki. Na moshi je? Nasikia kinachoua watu kwenye moto ni moshi kabla ya moto wenyewe.

---

Dada_Maabara

Nakujibu mimi kaka, hii ndo kazi yangu ya kila siku.

Mkemia amekueleza kinga inayofanyika juu ya uso. Ipo nyingine inayofanyika ndani ya ulimi wa moto. Moto unaendeshwa na vipande vya molekuli vyenye njaa, radikali za hidrojeni na za hidroksili. Radikali moja ya hidrojeni ikigonga oksijeni zinatoka radikali mbili, hizo nazo zinagonga nyingine, ndo maana moto unaongezeka kwa kasi hivyo. Bromini na klorini ni halojeni, zikiwa ndani ya polima zinatoka kama hidrojeni bromaidi au kloraidi, zinazidaka zile radikali na kuzituliza, ulimi unazimika wenyewe. Zinafanya kazi kwa kiasi kidogo tu na ndo maana zilitumika sana.

Tatizo lake ni moshi mzito na gesi za asidi zinazochoma macho na mapafu, watu wanashindwa kuona mlango. Na baadhi zinabaki kwenye mazingira na miili ya viumbe bila kuoza. Mkataba wa Stockholm uliingiza kundi la kwanza la etha za bromini mwaka 2009, ile ya deka ikafuata 2017. Kwahiyo maandishi ya kopo yanakwambia kinga inatoka kwingine, mara nyingi fosforasi na naitrojeni. Kwenye njia ya kutokea watu ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili. Fosforasi nayo, ikiwa kwenye molekuli za aina fulani, DOPO kwa mfano ambayo inashikizwa kwenye epoksi, inatoa radikali ya PO, yaani fosforasi na oksijeni, inayodaka zile radikali ndani ya ulimi, kwahiyo kazi ya hewani inafanyika bila bromini.

Moshi, ndio, uko sahihi kabisa. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki. Vanishi inayofura inapunguza moshi kwa sababu kaboni inabaki imegandamana ukutani badala ya kupaa, lakini haifuti moshi. Angalia alama ya moshi kwenye cheti.

Sasa akriliki. Huu ni mnyama mwingine kabisa. Ubao unakusaidia, una selulosi inayokubali kugeuka mkaa. Akriliki, ile PMMA, ikipata joto mnyororo wake unafunguka kuanzia mwisho hadi mwanzo, unarudi kuwa ile molekuli ndogo iliyotengenezewa, na molekuli ile ni mafuta ya moto. Haiachi mkaa karibu kabisa. Kuna kipimo cha oksijeni, wanauliza hewa iwe na oksijeni asilimia ngapi kitu kiweze kuendelea kuwaka chenyewe. Hewa ya kawaida ina karibu 21. Akriliki inahitaji kama 17 au 18 tu, maana yake kwenye hewa ya kawaida inawaka kwa raha. Polikaboneti inahitaji kama 26 na inatoa mkaa wake, kwahiyo kabla ya kutafuta cha kupaka badilisha plastiki yenyewe kwanza, au weka kioo cha kawaida cha usalama. Kazi ya mipako ya wazi ya plastiki ipo, akrilati zenye fosfati zinazogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno kwa sekunde chache, nimezishika mwenyewe zinapendeza, lakini hizo ni za kiwandani chini ya taa. Ukichukua vanishi ya mbao ukapaka akriliki, kiyeyushi chake kinaweza kuijaza nyufa ndogondogo, na filamu inabanduka.

Niongezee ile njia ya chembe ndogo aliyoigusa Mkemia maana ndo inayonifurahisha zaidi. Kuna mipako inayojengwa tabaka kwa tabaka, unachovya kwenye polima yenye chaji chanya, unasuuza, unachovya kwenye udongo wa mfinyanzi uliochambuliwa kuwa majani yenye unene wa nanomita 1, unasuuza, unarudia. Majani yanajilaza sambamba, filamu nzima haifiki mikromita moja na iko wazi, lakini moto ukija unakutana na ukuta wa madini. Kundi la Jaime Grunlan wa Chuo Kikuu cha Texas A&M limefanya mengi hapo, hata kwa kaitosani inayotoka kwenye maganda ya kamba wa baharini. Imeonyesha nguvu hasa kwenye sponji za viti na vitambaa. Kwa dari yako bado sio ya kuchovya.

---

Mkaguzi_Mstaafu

Habari wote. Niongeze upande wa vyeti maana hapo watu wanauziwa maneno.

Kwanza tofautisha mambo mawili. Kuna jinsi uso unavyoupokea moto unaoanza, na kuna muda ambao nguzo au ukuta unabeba mzigo huku moto umeshatawala chumba. Vanishi yako inashughulika na la kwanza. Inachelewesha ubao kushika, inazuia moto usikimbie kwenye dari na ukuta, inawapa watu muda wa kutoka. Mtu akikwambia kwamba ukipaka hii ukuta unakuwa wa saa nzima, mwambie akuonyeshe jaribio la ukuta mzima wenye vanishi hiyo, la sivyo usimsikilize.

Ulaya wanatumia kiwango cha EN 13501-1. Mbao tupu ya kawaida huwa inaangukia D-s2,d0. Ikipakwa vizuri inaweza kupanda mpaka B-s1,d0 au B-s2,d0. Herufi ya kwanza ni daraja la jinsi kinavyoupokea moto, B ni bora kuliko D, ile s ni moshi, 1 ndo kidogo kabisa, ile d ni matone yanayowaka, 0 maana yake hakuna. Jaribio kuu linasimamisha pembe ya kuta mbili na kuichoma kwa moto wa kilowati 30 kwa dakika 20 hivi. Marekani wana jaribio la ASTM E84, bomba refu kama mita 7, dakika 10, wanatazama moto unakimbia umbali gani. Mbao ya mwaloni mwekundu inapewa kama 100 na ubao wa saruji 0, daraja A ni 0 mpaka 25. Ukisoma karatasi ya maabara utakutana pia na kalorimeta ya koni, inayopima joto la moto kwa kuhesabu oksijeni iliyoliwa, maana kila kilo ya oksijeni inayotumika inatoa takriban megajuli 13.1 karibu kwa kila kitu kinachoungua. Kwenye mchoro wake ubao mtupu unatoa kilele mapema sana, ubao uliopakwa kilele kinachelewa na kinakuwa kifupi.

Ukishika cheti soma mstari kwa mstari: ni mbao gani, unene gani, imebandikwa juu ya nini, gramu ngapi kwa mita ya mraba, na koti gani la juu. Cheti cha plaiwudi ya milimita 18 iliyobandikwa kwenye ukuta wa saruji hakikuhusu wewe mwenye ubao wa milimita 9 ulio na hewa nyuma yake. Moto unaweza kuingia huko nyuma na upande huo hujapaka. Hilo la mgongo wa ubao ndo nimelikuta limesahaulika mara nyingi kuliko yote.

---

Mbao_Tupu

Hapo kwenye mgongo wa ubao umenishtua mzee wangu, maana dari yetu ina nafasi juu yake na nyaya zinapita humo.

---

Mkaguzi_Mstaafu

Basi zipakwe pande zote mbili pamoja na kingo kabla hazijapandishwa, na nyaya zipite kwenye mabomba yake. Mwulize pia mtengenezaji kama mfumo wake umejaribiwa ukiwa na nafasi ya hewa nyuma.

---

Fundi_Brashi

Na zikipakwa chini kwenye meza ni rahisi hata kupima unene, dari ukiipaka ikiwa juu inadondokea machoni na inakuwa na mawimbi. Siku hiyohiyo ya kupaka chukua vipande vitano sita vya mbao hizo, vipake kutoka kopo hilohilo kwa unene uleule, uviandike tarehe nyuma, uvitundike humohumo ukumbini mahali visipoonekana vipate hewa na unyevu uleule. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili unashusha kimoja unakipeleka nje na kichomeo. Kikifura vizuri endelea na maisha, kikianza kufura kidogo au kuwaka basi muda wa kung'oa na kupaka upya umefika, usisubiri ukutani pabadilike rangi.

---

Mbao_Tupu

Hii ya vipande naifanya. Tunabadilisha misumari, akriliki inaondoka tunaweka kioo, mbao zinapakwa pande mbili chini kabla ya kupanda. Fundi swali la mwisho, ukishachanganya makopo mawili una muda gani?

---

Fundi_Brashi

Soma kopo lako maana zinatofautiana, ila zinaganda zenyewe kwa ile asidi, na joto likiwa kali zinaharakisha. Changanya ya kutosha saa chache tu. Ikianza kuwa nzito usiongeze thina kuilainisha, itupe, koroga nyingine.